Daftari na Tope la Mbwera

Kila Mshamu alipokwenda kukata boriti, mkewe Johari alimsindikiza hadi dikoni wanapofunga mitumbwi, maji yakiwa yamekupwa na tope li wazi, na hapo walikuwa na desturi yao. Mshamu alitua shoka, kibuyu cha maji na bakuli la wali ndani ya mtumbwi, kisha alirudi hatua moja na kulikanyaga tope kwa mguu wa kushoto, kwa nguvu, kama karani anayegonga muhuri. Johari aliuinamia unyayo ule. Alikiona kidole gumba kilichopinda tangu kilipoangukiwa na gogo la mkoko wa msinzi, akaona ufa wa kisigino, akaona uzito ulivyolala. Akisharidhika husema, "Haya, nenda," na Mshamu huenda.

Pale Mbwera, kijijini kwao katika delta, kila mtu alijua kusoma nyayo, maana ardhi ni laini na habari ni chache, lakini Johari aliwapita wote. Alimjua mwenye mimba kabla mama mkwe hajamshuku. Aliwajua waliotoka nyumbani wamenuniana. Mbuzi akiibwa, jumbe wa kijiji hakumwita askari, alimwita Johari, naye akiinama mara mbili tatu kesi ilikuwa imekwisha. Na mara mbili katika ndoa yao alimfuata Mshamu ndani ya mikoko kwa nyayo zake peke yake: mara ya kwanza shoka lilipomteleza likampiga muundi, mara ya pili homa ilipomwangusha katikati ya mizizi. Mara zote mbili alimkuta maji yameshaanza kujaa. Mshamu alikuwa na tabia ya kuugua homa ghafla, na homa ikimshika hupoteza njia hata uani kwake. Johari alilijua hilo vizuri, na ndiyo maana hakuuchukulia ule unyayo wa dikoni kuwa mchezo wa mapenzi.

Mwaka wa hamsini na nane karani aitwaye Sadallah alifika kwa boti ya mashine, amevaa kaptula iliyopigwa pasi, na daftari kubwa amelikumbatia kifuani asije akalilowesha. Aliwekewa meza penye ghala la miti. Alieleza kwamba serikali ya Mwingereza imeamua watu wachague wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, kwa hiyo amekuja kuwaandika watakaochagua. Watu wakafurahi wakapanga mstari uliozunguka ghala, na Mshamu alikuwamo.

"Umesoma hadi darasa la ngapi?" Sadallah alimwuliza.

"Nimehitimu msahafu wote, juzuu thelathini."

"Hilo si darasa. Kipato chako kwa mwaka kinafika shilingi elfu tatu?"

Mshamu aligeuka kutazama nyuma, akidhani anaulizwa mtu mwingine.

"Una cheo chochote?"

"Nakata boriti."

"Haya, anayefuata."

Hadi jioni Sadallah alikuwa ameandika watu kumi na mmoja. Alikuwamo jumbe, mwenye duka, Mwalimu Maneno wa shule ya msingi, Abbasi askari wa misitu, na wengineo wa daraja hiyo. Orodha yao ikapigiliwa misumari mlangoni pa ghala. Siku ya pili maji yalikupwa saa tatu asubuhi, watu wakashuka dikoni kama kawaida, na ikaonekana kwamba wale kumi na mmoja wanaacha nyayo katika tope, na wengine wote hawaachi.

Mambo hayakusimama kwa sababu hiyo. Watu walitazama nyuma yao, wakaliona tope jeupe lisilo na alama, wakaendelea na shughuli zao. Wanawake waliosiriba nyumba siku ile walishukuru, kwa kuwa watoto walikatiza sakafu mbichi wasiiharibu. Nguruwe mwitu, ambao hakuna aliyewaandika, waliendelea kuacha nyayo mashambani kama zamani. Mwizi wa mbuzi alirudi kazini wiki hiyo hiyo, na jumbe alipomwita Johari, Johari aliinama, akainuka, akasema hapa kuna nyayo za mbuzi tu, ametembea mwenyewe. Mkusanya kodi alipokuja, mzee mmoja alimwuliza kama mtu asiye na nyayo naye analipa. Mkusanya kodi alifungua kitabu chake, akasoma, akajibu kwamba kodi ni ya kichwa.

Johari aliogopa. Hakulificha hilo wala hakulipamba. Asubuhi Mshamu alipolikanyaga tope kwa mguu wa kushoto na tope likabaki vilevile, alikaa kitako palepale dikoni akamshika mumewe kipindo cha shuka.

"Usiende."

"Tutakula nini, Mama Tatu?"

"Ukianguka huko mie nitakufuata kwa kitu gani?"

Mshamu alimtoa mkono polepole, akaondoka, na siku hiyo alirudi salama. Lakini Johari alishinda dikoni kutwa bila kupika.

Zaidi, ambaye alikuwa akikata boriti pamoja na Mshamu tangu ujana wao, ndiye aliyetoa shauri la vijiti. Kila hatua kumi mkataji avunje kijiti cha mkandaa kwa urefu wa bega, akikipinda upande anaokwenda. Shauri likafaa miezi miwili. Kisha Abbasi askari wa misitu akaja na barua: mikoko michanga ni mali ya serikali, atakayevunja kijiti atanyang'anywa kibali cha kukata. Alikwenda kulisema hilo nyumba kwa nyumba, na nyayo za viatu vyake zikabaki katika kila ua.

"Shemeji, mie nimeagizwa," alimwambia Johari, naye alikuwa ana huzuni ya kweli. "Ingekuwa shauri langu mngevunja."

"Basi wewe uwe unakwenda naye," Johari akamwambia. "Weye unaonekana."

Abbasi akatazama chini, akaziona nyayo zake, akaaga.

Wagombea walifika kabla ya kura, watatu ndani ya boti moja, kwa kuwa sheria ilitaka kila mpiga kura amchague Mzungu mmoja, Mhindi mmoja na Mwafrika mmoja, na akiacha hata mmoja kura yake inaharibika. Waliteremka dikoni maji yakiwa yamekupwa. Nyayo za Mzungu zilizama hadi gotini, na wiki mbili baadaye kaa walikuwa wamehamia humo na jamaa zao. Za Mhindi zilizama hadi kifundoni. Za Mwafrika ziligusa tope juujuu tu, kama za ndege kulastara, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mnene kuwashinda wote. Walihutubia, wakanywa madafu, wakaondoka. Siku ya kura, watu kumi na mmoja walichagua watatu watatu. Sadallah akaandika katika taarifa yake kwamba Mbwera wamejitokeza wote bila kukosa hata mmoja, akalifunga sanduku la kura na kulipeleka bomani kwa njia ya Kibiti.

Miaka miwili ikapita hivyo. Johari alizoea mambo mengi ila hilo. Mshamu akichelewa hata kidogo, moyo ulimwenda mbio, na akirudi humgombeza kwa sauti ambayo majirani waliijua kuwa ya furaha.

Mwaka wa sitini Sadallah alirudi na daftari jipya na masharti mapya. Safari hii, alisema, serikali imelegeza. Mtu akijua kusoma na kuandika Kiswahili, basi, anaandikwa.

Johari ndiye aliyemwamsha mumewe alfajiri, akamchemshia maji ya kuoga, akamtolea kanzu ya Idi. Kwa Mshamu sharti hilo halikuwa na shida. Aliandikia watu barua tangu hajaota ndevu, barua za posa na barua za msiba, na bintiye Tatu aliyeolewa Mbuchi alipata habari za nyumbani kwa mkono wake. Alipopewa karatasi penye ghala, alipiga bismillahi, akaanza upande wa kulia, akaandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni: mimi ni Mshamu bin Sijaona, mkata boriti wa Mbwera, nina mke mmoja, na ninaomba niandikwe. Mwandiko ulikuwa mzuri mno. Watu waliokuwa nyuma yake walisogea kuutazama.

Sadallah naye alisoma chuo cha Kurani utotoni, akayasoma yote hadi mwisho bila kukwama.

"Si hivi," alisema.

"Kuna nilipokosea?"

"Hukukosea. Lakini zinatakiwa herufi za shule, zinazoanzia kushoto."

"Si umesoma, Bwana Karani?"

"Nimesoma. Fomu inauliza kama weye unajua kuandika. Haiulizi kama mie nimekusoma." Kisha akamwonea imani, akashusha sauti. "Nakwenda Mbuchi siku sita. Nikirudi, jaribu tena."

Siku hizo sita Mshamu hakukata boriti. Mwalimu Maneno alimfundisha alasiri, baada ya kuwaruhusu watoto. Alijaribu kwanza kumfundishia dikoni kama alivyofundisha wengine, akichora herufi katika tope kwa ncha ya fimbo, lakini kidole cha Mshamu kilipita juu ya tope lisichorwe kitu. Ikabidi wahamie kwenye mkaa na ubavu wa mtumbwi. Johari alikaa kando akimenya kamba, akawa anazitamka herufi kabla ya mumewe, na Mwalimu Maneno akamwambia naye ajiandikishe.

"Mie siendi popote," Johari akasema. "Wanaopotea ni nyie."

Siku ya saba Mshamu alikaa mbele ya Sadallah, akaitoa ncha ya ulimi nje, na akaandika jina lake kutoka kushoto kwenda kulia, herufi kubwa zilizolala huku na huku kama watu waliotoka ngomani. Mwandiko ulikuwa mbaya mno. Sadallah akauridhia. Mshamu akawa mpiga kura nambari arobaini na tatu.

Alitoka ghalani akashuka moja kwa moja hadi dikoni, na mkewe nyuma. Akaweka mguu wa kushoto katika tope. Alipouinua, unyayo ulikuwapo: kidole gumba kilichopinda, ufa wa kisigino. Johari akapiga magoti akalia bila kujali watu. Kisha akafuta macho akatazama vizuri zaidi, kwa kuwa miaka miwili ni mingi. Ufa ulikuwa umefika katikati ya wayo. Uzito ulikuwa umehamia upande wa nje, kama wa mtu anayebebea bega moja.

"Umechoka hivi tangu lini?" aliuliza.

"Tangu maji makubwa ya bamvua la mwaka jana."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilizoea uone mwenyewe," Mshamu alisema.

Siku zile mbili tatu walikuwa na furaha iliyowafanya waoneane haya. Mshamu alijua tayari atakachomwambia mgombea akifika kuomba kura: kwamba katika delta wamo watu wengi wasioacha nyayo, wanapotea, na Baraza liambiwe. Alilifanyia jambo hilo mazoezi, akilisema kwa sauti huku anatia makali shoka. Alikuwa na kura moja, na aliamini kwamba mtu mwenye kura husikilizwa. Halafu akiba ya mchele ikapungua, ikabidi arudi kazini.

Asubuhi hiyo Zaidi alikuwa na jipu, kwa hiyo Mshamu alikwenda peke yake, katika mto wa ndani ambako misinzi ilikuwa bado imenyooka. Alikanyaga tope. Johari akainama, akaona kila kitu kipo mahali pake.

"Haya, nenda," akasema, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili alirudi nyumbani akapika.

Adhuhuri boti ya mashine ikafika. Sadallah alisimama juu ya kreti la soda mbele ya ghala akatangaza habari njema: siku ya kuteua wagombea imepita, aliyejitokeza ni mmoja tu, wa chama, hana mpinzani. Kwa hiyo amepita. Kwa hiyo hakuna kura itakayopigwa. Watu wakashangilia, kwa sababu walikuwa wakimtaka mtu huyohuyo, na ngoma ikatolewa. Sadallah alilifunga daftari, akalizungushia kamba, akalilaza ndani ya sanduku la bati na kulitia kufuli. Kazi yake kwa mwaka huo ilikuwa imekwisha.

Johari alikuwa amesimama na wanawake wenzake akipiga vigelegele. Tope la pale lilikuwa bado bichi kwa mvua ya jana. Mwalimu Maneno alipita mbele yake akicheza, na Johari, kwa mazoea tu, akatazama chini. Mwalimu hakuacha kitu. Abbasi alipita na viatu vyake vya serikali, naye hakuacha kitu. Jumbe akapita. Johari akaacha kigelegele katikati, akaenda kumtoa Zaidi kitandani na jipu lake.

Walipiga kafi mbiombio, Johari akimsimulia Zaidi habari za sanduku na za nyayo. Mtumbwi wa Mshamu waliukuta umefungwa penye mkoko, na nyayo zake zikiingia ndani, nzuri, zimepangana, za mtu mwenye furaha. Johari alizifuata hadi kwenye boriti sita zilizokatwa na kulazwa pamoja. Hakukuwa na kijiti kilichovunjwa popote. Mshamu alikuwa ameziamini nyayo zake, naye Johari ndiye aliyemwambia aziamini. Kutoka kwenye boriti nyayo zilirudi kuelekea mtumbwini, lakini hizi zilikuwa nyingine. Zilikuwa zikipepesuka. Zilisimama, zikazunguka mti, zikarudi. Johari hakuhitaji kuambiwa kuwa ni homa. Alizifuata mbiombio, akashika mizizi, akavuka kijito kidogo, na ng'ambo ya kijito zikamleta kwenye unyayo wa kushoto uliokanyagwa kwa nguvu, kidole gumba kimepinda, vidole vyote vimeelekea nyumbani. Mbele yake palitakiwa pawe na wa kulia. Palikuwa na tope tu, laini, na kaa wadogo wakipita.

"Saa ngapi alifunga lile sanduku?" Zaidi aliuliza.

"Adhuhuri," Johari akasema.

Waliita hadi maji yakawafika kiunoni. Siku ya pili walikuja watu ishirini, na siku ya tatu thelathini, Abbasi akiwamo, akivunja vijiti kwa mkono wake mwenyewe. Walitafuta siku tisa. Hawakupata hata shoka.

Unyayo ule haukufutika. Maji yalijaa yakatoka, bamvua likaja likaenda, mto ukajaa kwa mvua za bara ukashusha magogo kutoka juu kabisa kule Mloka, na unyayo ukabaki ng'ambo ya kijito kama ulivyokanyagwa. Wakata boriti waliujua, wakawa wanapita kando.

Johari alikwenda kwa shehe kuuliza akae eda au asikae. Shehe alikuwa mtu mwangalifu. Alisema hawezi kumhesabu mtu kuwa ni marehemu bila maiti, wala shahidi, wala dalili, na akauliza serikali inasemaje. Sadallah alipopita tena, Johari akamwuliza. Karani akafungua kufuli, akafungua kamba, akapitisha kidole ukurasani.

"Nambari arobaini na tatu," alisema. "Yumo."

"Ninajua yumo humo. Ninauliza, nimlie?"

Sadallah alilitazama tena jina, lile la herufi zilizolala huku na huku.

"Humu hayupo aliyekufa, bibi," alisema kwa upole. "Hili ni daftari la walio hai."

Basi Johari hakukaa eda wala hakuvaa kaniki ya msiba. Hakuwa mke wala mjane, na mkusanya kodi aliendelea kuuliza mwenye nyumba yuko wapi.

Mwaka uliofuata mheshimiwa mwenyewe, yule aliyepita bila mpinzani, alikuja kuwashukuru wapiga kura wa Mbwera. Alikuja maji yakiwa yamekupwa, na kwa kuwa alivaa viatu vyeupe, Zaidi alimbeba mgongoni kutoka kwenye boti hadi penye nyasi. Alihutubia vizuri. Alisema Wazungu wanafungasha, uhuru umefika mlangoni. Watu wakapiga makofi, naye Johari akapiga, kwa kuwa hilo alilitaka kama kila mtu. Hotuba ilipokwisha alisogea mbele, akasema maneno ambayo Mshamu alikuwa akiyafanyia mazoezi, kwamba katika delta wamo watu wengi wasioacha nyayo, wanapotea, na Baraza liambiwe. Aliyasema yote bila kukosea.

Mheshimiwa alimsikiliza hadi mwisho. Alimwuliza jina la mumewe, akamgeukia karani, karani akanong'ona.

"Mama, ondoa shaka," mheshimiwa akasema. "Jina la mzee liko salama."

Akabebwa tena na Zaidi, boti ikanguruma, akaenda zake Mbuchi. Johari alibaki dikoni akilitazama tope. Zaidi alikuwa amepita hapo mara nne, mara mbili akiwa na mheshimiwa mgongoni, na tope lilikuwa jeupe kabisa, halina hata alama moja ya mtu. Nyayo za ndege membe zilikuwapo.

Akaingia katika mtumbwi wa mumewe, akaenda hadi ng'ambo ya kile kijito, kama alivyofanya kila maji yalipokupwa mchana. Unyayo ulikuwa umejaa maji. Akayachota kwa kifuu, akaondoa jani la mkandaa lililoanguka kisiginoni, akainama akautazama vizuri hadi aliporidhika.

"Haya," akasema, "njoo."

Akangoja kidogo. Kisha maji yakaanza kujaa, akarudi mtumbwini.